Mlango wa Kushoto wa Dakota: Ndege Iliyowalisha Askari wa Keya Kule Burma

Wazee wetu mliolitumikia jeshi, familia za askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), mafundi wa ndege, na vijana mnaosomea uhandisi wa anga: shikamooni wakubwa, na kwenu wengine, hamjambo.

Mazungumzo ya leo ni juu ya Dakota. Ikitajwa ndege hii, wengi huanza na Normandy, pwani ya Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, zaidi ya C-47 (jina la Wamarekani la Dakota) mia nane zilivuka mlango wa bahari kutoka Uingereza zikiwa na askari wa miavuli wa Marekani zaidi ya 13,000. Ni jambo kubwa na linastahili kutajwa. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuikumbuka, nayo iko Burma, nchi inayoitwa leo Myanmar. Kule, babu zetu walikula, walitibiwa na walipata risasi za kupigania kwa sababu ya mzigo uliosukumwa nje kupitia mlango wa nyuma wa ndege hii, upande wa kushoto. Ndege yenyewe haikuwa na bunduki hata moja. Nitakaa kwenye mlango huo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kazi iliyofanyika pale haielezwi ipasavyo.

Kwanza tuifahamu ndege. Chimbuko lake ni DC-3 ya abiria, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko California. Jeshi la Marekani lilipoihitaji, kampuni ya Douglas iliimarisha sakafu, ikafunga pete za kufungia mizigo, ikaweka viti vya chuma kando ya kuta, na ikakata mlango mpana wa mizigo wenye milango miwili nyuma ya bawa la kushoto. Wamarekani wakaiita C-47, Waingereza wakaiita Dakota. Za kijeshi ziliundwa zaidi ya 10,000. Mabawa yake ni mita 29 toka ncha hadi ncha, na urefu wake ni mita 19 na nusu. Ina injini mbili za Pratt & Whitney R-1830, kila moja ikiwa na silinda 14 zilizopangwa safu mbili kwa duara, na nguvu za farasi 1,200. Kwa hesabu ya kitabu, inabeba kilo 2,700 hivi za mzigo, au askari 28 na silaha zao, au majeruhi 14 kwenye machela pamoja na wauguzi watatu. Vitani kitabu hakikufuatwa kila siku, na mara nyingi mzigo ulizidi.

Gurudumu lake la tatu liko mkiani, kwa hiyo ikiwa chini ndege hukaa imeinua pua. Jambo hili dogo liliwatesa sana wapakiaji. Ukiingiza mzigo kwa mlango wa nyuma, unausukuma kupanda mlima hadi mbele. Pipa la petroli la lita 200, ukijumlisha mafuta yenyewe na chuma cha pipa, linakaribia kilo 165. Mapipa 16 yanamaliza uwezo wa ndege, na kila moja linaviringishwa kwa mikono juu ya mbao, linapandishwa kwenye sakafu ya mteremko, linasimamishwa usawa wa mabawa, kisha linafungwa kwa kamba kwenye pete za sakafuni. Mzigo mzito ukiachwa nyuma karibu na mkia, rubani atakimbia uwanja mzima mkia ukikataa kuinuka. Na kamba ikikatika ndege ikiwa inapaa, pipa hurudi nyuma kwa kishindo na uzito wote huhamia mkiani. Hapo pua hupanda bila kuzuilika, ndege hupoteza mwendo na kuanguka. Ndiyo maana mkaguzi wa kamba alikuwa mtu muhimu sawa na rubani.

Hapo inafaa kukumbuka kwamba baada ya Japani kuteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya Tanganyika na Kenya ilikuwa tegemeo kubwa la kamba kwa upande wa Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao. Mchango wetu katika vita vile haukuwa wa askari peke yao.

Sasa twende Burma. Agosti 1944, mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Tamu, kaskazini mwa Bonde la Kabaw. Ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya maongezi kwa wengi wao. Kazi yao ilikuwa kuwafuata Wajapani kusini hadi mto Chindwin.

Bonde hilo lilikuwa na malaria na homa ya taifasi inayoenezwa na utitiri wa vichakani. Barabara ilikuwa udongo mtupu. Lori moja likipita, la pili linazama hadi ekseli. Wahandisi walitandika magogo ubavu kwa ubavu, mvua ikayafunika kwa tope, wakatandika mengine juu yake. Kwa njia ya namna hiyo huwezi kulisha maelfu ya watu walio vitani. Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14 la Waingereza, alikuwa ameshaona mapema mwaka ule, kule Arakan, pwani ya Burma, na wakati wa kuzingirwa kwa mji wa Imphal, India, kwamba kikosi kilichokatiwa barabara kinaweza kusimama imara ikiwa ndege zitakifikia. Basi askari wa Keya waliposonga mbele Kabaw, waliangushiwa mahitaji yao kutoka angani.

Namna kazi ile ilivyofanyika ni hii. Kabla ya kuondoka, mlango wa mizigo uling'olewa kabisa, maana mlango unaofunguliwa hewani ungeng'oka wenyewe na kupiga mkia. Nyuma walikaa wasukumaji wa kampuni za ugavi, watu watatu au wanne, mara nyingi bila miavuli yao wenyewe kwa kuwa ingewazuia kufanya kazi. Chini, kikosi kilitafuta eneo la wazi, kikatandaza vitambaa vya alama, kikawasha moto wa moshi. Moshi ulikuwa na kazi mbili: kumwonyesha rubani mahali, na kumwonyesha upepo unaelekea wapi.

Mzigo ulikuwa wa aina mbili. Mchele, unga, nafaka ya nyumbu na nguo viliangushwa bila mwavuli. Gunia la mchele lilijazwa robo tatu tu, likaingizwa ndani ya gunia la pili kubwa zaidi. Likigonga ardhi, la ndani hupasuka na la nje huzuia mchele usimwagike. Ukijaza gunia hadi shingoni, yote mawili yatapasuka na chakula kitapotelea matopeni. Mizigo hii iliangushwa kutoka futi 200 au 300 tu, ili isitawanyike. Aina ya pili ilikuwa risasi, petroli, dawa na vifaa vya redio. Hivyo vilihitaji mwavuli, na ndege ilipanda hadi futi 500 au 600 ili mwavuli upate nafasi ya kufunguka.

Hesabu ya wakati ndiyo ilikuwa ngumu. Chukua eneo la kuangushia lenye urefu wa mita 400, ambalo msituni lilihesabiwa kuwa pana. Ndege ikipunguza mwendo hadi maili 110 kwa saa, inakwenda mita 49 kila sekunde. Italivuka eneo lile kwa sekunde nane. Katika sekunde hizo nane, rubani awashe taa, wasukumaji waione, wainue na kusukuma. Msukumaji akichelewa sekunde mbili, mzigo wa mwisho unaanguka mita mia moja nje ya alama, yaani juu ya miti au mikononi mwa Wajapani. Kwa mwavuli hesabu inaongezeka: mzigo unaoshuka kutoka futi 500 hukaa hewani kama sekunde 22, na upepo mwepesi wa kilomita 16 kwa saa utausogeza mita mia nzima. Kwa hiyo rubani hakulenga alama, alilenga upande unakotoka upepo.

Ndani ya sekunde nane huwezi kutoa kilo 2,700. Tuseme mafurushi ni ya kilo 45. Hayo ni mafurushi 60. Wasukumaji hodari watatoa sita kwa mpito mmoja, basi ndege itazunguka mara kumi juu ya bonde lile lile, kwa urefu ule ule, ikifuata njia ile ile. Adui aliye mlimani na bunduki ya rasharasha, akiikosa mara ya kwanza, alijua itarudi. Kila mpito wasukumaji walilaza mafurushi mlangoni, mengine wakiyasukuma kwa miguu huku wamelala chali na migongo imeegemea ukuta wa pili. Uzito huo wote ukikusanyika mlangoni, mkia huwa mzito na rubani lazima asukume usukani mbele. Mzigo ukitoka ghafla, ndege huruka juu, naye lazima aiwahi. Ukirudia hivyo mara kumi kwenye joto na mawingu ya monsuni, halafu siku hiyo hiyo safari ya pili na ya tatu, utaelewa kwa nini marubani wale walichoka kuliko wengine waliokuwa na bunduki.

Mambo yalikwenda kombo kwa njia zinazojulikana. Kamba ya kufungulia mwavuli isipofungwa kwenye waya wa ndani, mzigo hushuka kama jiwe. Furushi likisukumwa kwa kuelekezwa juu badala ya chini, linaweza kugonga bawa dogo la mkia. Mwavuli ukifunguka mapema hunasa mkiani, na ndege ikawa haitii tena usukani. Na chini, gunia la kilo 36 linaloanguka bila mwavuli humuua mtu papo hapo. Askari kadhaa Burma waliuawa na chakula chao wenyewe kwa kukimbilia eneo la kuangushia kabla ndege haijamaliza mzunguko wa mwisho. Ndiyo sababu ya amri kali kwamba mtu asitoke ukingoni mwa msitu mpaka aruhusiwe.

Miavuli ilikuwa adimu. Slim aliwageukia wenye viwanda vya juti Calcutta, na maofisa wake wakabuni mwavuli wa kitambaa cha juti, kile kile cha magunia. Bei yake ilizidi kidogo pauni moja, wakati mwavuli wa kawaida ulizidi pauni ishirini, na ufanisi wake ulikuwa kama asilimia 85 ya ule wa kawaida. Haukutumika kwa watu wala kwa vitu vya kuvunjika, lakini kwa risasi na mikebe ya chakula ulitosha. Nauheshimu uamuzi ule. Ulifanywa na watu waliojua ni kipi kinaweza kupotea na kipi hakiwezi.

Novemba askari wa Divisheni ya 11 walikutana na Divisheni ya 5 ya India karibu na Kalemyo. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, na hapo wahandisi wa jeshi wakajenga daraja la Bailey (la vipande vya chuma vinavyounganishwa) la kuelea lenye urefu wa futi 1,154 kuvuka Chindwin. Wiki hiyo hiyo ndipo ilipoonekana ndege hizi zilikuwa na uzito gani vitani. Alfajiri ya tarehe 10 Desemba 1944, Dakota 75 za Marekani zilizokuwa Imphal ziliondolewa ghafla na kupelekwa China, ambako mashambulizi ya Wajapani yalikuwa yakitishia. Mzigo wa Jeshi la 14 uliokuwa tayari ndani yake ulishushwa na kuachwa kando ya uwanja. Mipango ya jeshi zima ilibidi ipangwe upya.

Jambo jingine lisisahaulike: ndege ilipoweza kutua, haikurudi tupu. Dakota iliyobeba mzigo ilihitaji kama mita elfu moja za ardhi kavu, na mahali padogo palitumika vindege vyepesi vya L-5 kuwatoa majeruhi mmoja mmoja hadi kwenye uwanja mkubwa. Pale machela zilifungwa ukutani mwa Dakota, moja juu ya nyingine. Mtu aliyejeruhiwa tumboni msituni, ambaye kwa machela za mabegani angechukua siku nyingi na pengine kufia njiani, alifika hospitali siku ile ile.

Sasa niseme na mafundi na vijana, kwa kuwa baadhi ya Dakota bado zinaruka, na ndege hii ina tabia ambazo ndege za leo hazina.

Kubwa ni oili. Injini ya duara ikilala usiku kucha, oili huchuja kupita pete za pistoni na kujaa katika silinda za chini. Oili haikandamiziki. Ukiwasha injini namna hiyo, pistoni itakutana na oili na fimbo yake itapinda. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, zima magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi), funga mchanganyiko wa mafuta, kisha zungusha propela kwa mikono, mapanga yasipungue tisa yakipita mbele yako. Ukihisi imekaza, simama. Usilazimishe, na usiizungushe kinyume hata kidogo, maana kinyume huisukuma oili ile ndani ya bomba la kuingizia hewa, ikangoja hapo mpaka injini iwake na kuivuta tena. Fungua plagi za silinda za chini, acha oili imwagike, safisha, rudisha, kisha anza tena. Hatari ya kulazimisha ni kwamba fimbo iliyopinda kidogo haivunjiki siku hiyo. Inavunjika baada ya saa nyingi, ndege ikiwa juu, na fundi atatafuta sababu asiione.

Injini ikishawaka, presha ya oili lazima ionekane ndani ya sekunde 30, la sivyo zima. Iache ipate joto kabla ya kuipa nguvu. Jaribu magneto moja moja. Mizunguko ya injini kwa dakika ikishuka zaidi ya 100, tafuta plagi mbovu, na zipo 28 kwa kila injini. Kabla ya kukimbia, hakikisha gurudumu la mkia limefungwa lielekee mbele. Likiachwa huru na upepo wa ubavuni ukapiga, mkia utataka kutangulia pua, ndege itazunguka chini, na tairi la upande mmoja litabeba uzito ambao halikukusudiwa.

Kuhusu uzee wake, watu hushangaa kwamba ndege ya miaka ya arobaini bado iko hewani. Sababu ni mbili. Haina hewa ya shinikizo ndani, kwa hiyo mwili wake haujazwi na kupunguzwa kila safari. Na bawa lake lina mihimili mitatu iliyogawana kazi, pamoja na bati lililoimarishwa, kwa hiyo hakuna sehemu moja inayobeba kila kitu. Udhaifu wake mkubwa uko pale bawa la nje linapounganishwa na bawa la kati kwa safu ndefu ya bolti. Vyuma vya pembe vinavyoshika bolti hizo hupata nyufa. Hapo panahitaji kufunguliwa na kukaguliwa kwa mwanga na dawa ya kuonyesha nyufa. Kupitisha macho juu ya rangi hakutoshi. Usukani wa mkia, eleveta (mabapa ya mkiani ya kuinua na kushusha pua) na eleroni (mabapa ya mabawani ya kuinamisha ndege) vimefunikwa kitambaa. Jua la kwetu hukila, na kinaweza kuonekana kizima huku kimeshaoza chini ya rangi, kwa hiyo kipimwe nguvu kwa kifaa chake. Chini ya sakafu, chumvi na maji ya samaki hula alumini kimya kimya. Ndege iliyobeba samaki pwani isisubiri ukaguzi wa mwaka.

Baada ya vita, Dakota zilihamia kazi za amani, na shirika la East African Airways, lililoanzishwa 1946, lilizirusha miaka mingi katika anga yetu. Petroli ya ndege ikawa ghali na adimu Afrika. Ndiyo maana nyingine zilipelekwa Oshkosh, Wisconsin, ambako kampuni ya Basler huziondolea injini za pistoni, huziongezea mwili wa mbele karibu mita moja, na kuzifunga turbini za PT6 zinazotumia mafuta ya jeti. Wapenzi wa mlio wa zamani husikitika. Mimi naona heri iruke kwa turbini kuliko ioze uwanjani.

Nimalizie na ombi kwa familia. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000, na ya watu wetu yamo. Walio hai wamebaki wachache mno. Kama nyumbani kuna mzee wa Keya, au kitabu chake cha mshahara, au nishani ya Burma Star, andikeni sasa: alikuwa batalioni gani, brigedi gani, aliingia Kabaw mwezi gani, mizigo iliangushwa wapi, na kitambaa cha mwavuli walikifanyia nini baadaye. Na wastaafu wa anga, vitabu vya kumbukumbu za injini na za mwili wa ndege mlivyohifadhi vileteni vipigwe picha, kila ukurasa, hata ulio mtupu. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, maana wino hupenya hadi upande wa uso. Na tafadhali msivilaminishe: joto lile huharibu karatasi ya zamani, na plastiki haitoki tena.